Kamera ya Baba Mkwe, Isafishwe Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeula! Niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Mama mkwe kafungua sanduku lake la bati, lile ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa hata kuliegemea. Katoa kamera ya marehemu baba mkwe. Ya zamani, ya filamu, nyeusi, ina mkanda wa ngozi. Na nzito! Kwa uzoefu wangu kitu kizito ni kitu cha thamani. Ukiondoa mlango wa choo chetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mkwe alipiga picha maisha yake yote. Harusi, mahafali, timu za mpira. Albamu za nyumba hii zimejaa mashangazi, wajomba, majirani, hata mbuzi wa jirani amepigwa mara mbili. Yeye hayumo. Kila mara alikuwa upande wa pili wa kamera. Sasa ana mwaka kaburini na mama mkwe hana hata kivuli chake. Sebuleni kuna msumari umegongwa. Chini yake, juu ya kabati, kuna fremu tupu aliyoinunua shemeji yangu. Kila asubuhi mama mkwe anaifuta kioo. Anafuta kitu ambacho hakina kitu. Mimi hugeuza uso.

(Msumari aliugonga mwenyewe. Nilijitolea, wakakataa wote kwa pamoja. Wanakumbuka siku za uchumba, nilipojitolea kumtengenezea mama mkwe rafu ya jikoni. Rafu ilianguka. Ukucha wangu wa gumba una ufa mpaka leo.)

Mama mkwe anasema ipo picha moja. Siku ya harusi yangu mzee alimwachia mtu kamera, akaenda kusimama na mkewe. Lakini filamu ilikuwa haijaisha, na mzee alikuwa bahili wa filamu. Akasema haitoki mpaka ipigwe yote. Ikabaki humo miaka saba mpaka yeye mwenyewe akaondoka. Nani aliyeachiwa kamera siku ile? Mama mkwe hakumbuki. Wala mimi. Nilikuwa bwana harusi, nilikuwa na mambo mengi.

Basi kanikabidhi. Akasema: "Mwanangu, kuna filamu humo ndani. Ipeleke studio ikasafishwe. Jumapili ndugu wanakuja, nataka msumari ule upate kazi."

Mke wangu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kutumwa. Nikamwambia mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Mama mkwe akakumbusha kwamba nyumba ni yake. Tukayaacha hapo.

Ikasafishwe! Kamera haina hata vumbi. Nimeipangusa kwa shati, imekwisha. Studio ya nini? Picha nitaitoa mwenyewe, nadhani kuna kitufe. Lakini nilipokuwa naipangusa likanijia wazo. Mali kama hii inakaaje kwenye sanduku la bati, wakati mimi nimekaa nyumbani tangu nilipoacha kazi ghalani? (Meneja anasema alinifukuza. Ni tofauti ya maneno tu.) Nimetazama kwenye simu. Huko duniani watu wanagombania kamera hizi. Mama mkwe anataka picha, hajasema anataka kamera. Apate picha yake, mimi nichukue ganda.

Tathmini yangu ya awali: seti ya makochi, yale yenye mahali pa kuwekea kikombe.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda studio kupata tathmini ya pili. Studio ni chumba kimoja, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo, na kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibiwe. Mwenyewe tunamwita Mzee wa Studio. Siku hizi ni picha za paspoti tu, lakini nyuma ya pazia bado ana chumba chake cha giza na chupa zake za dawa.

Nilimwambia kamera ni ya rafiki yangu anayesafiri. Akaigeuzageuza, akaipuliza, akaiweka sikioni. Akasema kamera ni nzima, ila soko lake limelala. Yuko tayari kubadilishana na saa yake ya ukutani. Saa yenyewe imesimama! Kutoka makochi mpaka saa mfu, ndani ya dakika moja. Nikamwambia hajui sanaa.

Halafu akasema kuna filamu ndani, nimwachie aisafishe. Hapo nikamshtukia. Nimwachie! Mbinu ya wazi kabisa. Unaacha kamera nzima, ukirudi unakuta mfupa. Nikaikwapua. Akauliza kama si kamera ya yule mzee aliyekuwa mteja wake, maana mkanda ule anaujua. Nikajibu kwamba mikanda inafanana.

Jioni nikaitangaza kwenye kundi la simu la kununua na kuuza la mtaani kwetu. Nimejiita Mtaalamu wa Vitu vya Kale. Tangazo: KAMERA YA KIHISTORIA. IMETUMIWA NA MSANII MKUBWA. WENYE UWEZO TU. Niliipiga picha juu ya kitambaa cha meza cha mama mkwe, kile alichokidarizi mwenyewe kwa maua ya zambarau, ili mnunuzi aone imetoka nyumba ya heshima.

Shemeji naye yumo kwenye kundi hilo, lakini simhofii. Ni mdogo wake mke wangu, ana kibanda cha kuuza chaja na vioo vya simu. Mimi namwita Chaja. Alimnunulia mama mkwe feni, na tangu siku hiyo kila upepo ukipita mama mkwe anamtaja. Mimi nilimnunulia kitana. Hajawahi kukitaja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mnunuzi! Anajiita Mkusanyaji. Ameandika asubuhi na mapema. Hakuuliza punguzo, hakuuliza kasoro, hakuuliza hata mahali nilipo. Mtu mstaarabu. Bei aliyotaja siiandiki hapa, ukuta una macho. Niseme tu: pikipiki. Mpya.

Ana sharti moja. Hanunui kamera yenye filamu ya watu ndani. Filamu isafishwe kwanza, nimwonyeshe kilichotoka, ndipo tuzungumze.

Nikajibu hakuna shida. Lakini nimeshangaa. Mama mkwe anataka isafishwe. Mzee wa Studio anataka isafishwe. Sasa Mkusanyaji naye. Sijawahi kuona watu wanaopenda usafi namna hii. Na mimi nilidhani wanasema kamera, kumbe ni filamu. Hiyo "i" yetu inabeba kila kitu: kamera isafishwe, filamu isafishwe, nyumba isafishwe. Mtu atajuaje?

Nimeazima helmeti kwa jirani mwenye pikipiki, nizoee uzito. Nimekula nayo chakula cha mchana. Mama mkwe akatazama dari, akauliza kama kuna mahali pameanza kuanguka. Mke wangu alinitazama kwa namna ya mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Mchana nikachapa usingizi, na helmeti kichwani. Mke wangu akaenda studio kupeleka pazia jipya alilowashonea. Kamera nilikuwa nimeificha kwenye gunia lake la vipande vya vitambaa, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kutazama. Nilipoamka niliikuta imelala upande mwingine. Panya, nadhani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku mbaya. Nianze mwanzo.

Mke wangu kaenda shuleni kupima watoto sare. Mama mkwe kajilaza. Nikajifungia uani na beseni.

Kwanza, hakuna kitufe cha kutoa picha. Nimetafuta kila mahali. Nikaibana kamera kwa magoti, nikavuta hiki, nikazungusha kile, mlango wa nyuma ukafyatuka. Ndani kuna kimkebe, na ndani ya kimkebe kuna utepe mrefu. Nikauvuta wote. Picha hakuna! Kijivu kitupu toka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kila mtu anapiga kelele isafishwe. Uchafu wa miaka minane umeziba picha.

Maji ya vuguvugu. Sabuni ya unga. Nikafikicha kwa vidole, taratibu, kisha nikasuuza, nikamalizia na tone la ile dawa ya kunukisha nguo. Nikauanika juani kwa vibanio, katikati ya sare za shule. Mama mkwe alipoamka akauliza ule utepe ni wa nini. Nikamwambia wa kufukuza ndege wasichafue sare. Akanisifu! Miaka minane ya ndoa, na hii ndiyo sifa ya kwanza. Karibu nilie.

Utepe ukakauka. Picha hazikutokea. Nikafua tena, kwa nguvu zaidi. Wapi! Ulizidi kung'aa tu.

Nikaona picha zitajitokeza zenyewe baadaye. Nikamwandikia Mkusanyaji kwamba kazi imekwisha, filamu imesafishwa kwa sabuni bora na inanukia. Akauliza nimeianika wapi. Nikajibu juani, wapi kwingine? Halafu ukaja ujumbe huu, naunakili ulivyo: "Wewe mtu, filamu husafishwa gizani, kwa dawa. Ikiona mwanga tu imekwisha. Umemuua mzee mara ya pili."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Hata sikujiuliza alijuaje habari za mzee. Watu wa vitu vya kale wana hisia kali.

Kumbe sikuula. Niliula wa chuya. Na niseme ukweli, maana hapa niko peke yangu: niliogopa, na niliona aibu. Jioni mama mkwe aliichukua ile fremu tupu akaifuta, akaitundika kwenye msumari kujaribu. Akarudi nyuma kidogo, akaniuliza naionaje, imenyooka? Nikasema imenyooka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata ufumbuzi! Umenijia nikiwa chooni, na helmeti. Nafikiri vizuri zaidi nikiwa nimeivaa.

Hoja yangu ni hii. Hakuna picha ya mzee. Kwa hiyo hakuna cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo picha ya mzee ni picha ya mzee yeyote, mradi awe amevaa koti lake. Nimelizungusha wazo hili kichwani asubuhi nzima na sijaona tundu.

Mzee ninaye. Ni mlinzi wa pale ghalani nilipokuwa nafanya kazi, yule ambaye siku yangu ya mwisho alinifungulia geti kwa furaha iliyopita kiasi. Masikio ni yaleyale. Kimo kilekile. Hata ile namna ya kunitazama mtu mzima mwenzake kama nimevunja kitu.

Koti lilikuwa kazi. La kijivu, lina kiraka kwenye kiwiko, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Nikasubiri aingie kuoga. Nikalikunja, nikalitia ndani ya helmeti, nikatoka nikipiga mluzi.

Mlinzi akasema atakaa kwenye picha kwa sharti koti libaki kwake, maana pale getini kuna baridi. Nikasema tutaona. Yeye alisikia ndiyo. Nikamsimamisha ukutani nikamlenga kwa simu. Akatabasamu! Nikamwambia mtu anayemsimamia hakuwahi kutabasamu mbele yangu. Akataka kujua nilimfanya nini. Nikamwambia hayo si mambo yake. Basi akanuna, na alivyonuna alikuwa baba mkwe mwenyewe, siku ile nilipokwenda kuomba kuoa na nikakalia miwani yake.

Picha imetoka vizuri. Koti halikutoka. Anasema kifungo kimekwama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Studio. Nimemwomba Mzee wa Studio anitolee ile picha kwa rangi nyeusi na nyeupe, aitie ukungu kidogo usoni. Akauliza huyu ni nani. Ndugu, nikasema. Akaisogeza karibu na macho, akauliza mbona ndugu yangu analinda lile ghala la barabara ya pili. Nikasema wanafanana. Akasema kwangu mimi kila kitu kinafanana. Kisha akaingia nyuma ya pazia na nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Ana kifua huyu mzee. Au ni zile dawa.

Nimerudi nyumbani nikiwa na picha kifuani, roho imetulia, na ninakuta nini? Mlinzi anapita mbele ya nyumba yetu. Anakwenda kazini, hana habari. Ndani ya koti! Na mama mkwe yuko dirishani.

Mguu niponye. Nilijifungia chooni na yaliyofuata niliyaona kupitia tundu la mlango.

Mama mkwe alitoka bila viatu. Hakumsimamisha mlinzi, alilisimamisha koti. Alilishika kwenye kiraka cha kiwiko, akakipapasa kwa kidole gumba, kiraka alichokishona yeye. Akauliza kwa sauti ya chini mwenye koti yuko wapi. Mlinzi akasema mwenyewe ndiye yeye, amelipata kwa kupigwa picha. Amepigwa na nani? Na mtu mwenye helmeti.

Kifungo hakikuwa kimekwama. Lilitoka mara moja. Mama mkwe akalibeba mikononi mpaka ndani, na mpaka naandika haya hajaniuliza chochote. Ningependelea anigombeze. Helmeti nimeirudisha kwa jirani.

Nafsi inaniambia nikiri. Lakini fremu imeshasubiri mwaka mzima na ndugu wanakuja kesho. Nimepiga moyo konde. Picha ni picha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Walikuja wote. Sebule imejaa. Shangazi mkubwa, dada wa marehemu, alipewa kiti cha mbele kabisa. Nilikuwa nimeshatia picha kwenye fremu na kuifunika kwa taulo.

Nilitoa hotuba fupi. Nilisema mzee hakufa, yuko nasi, kazi yangu ilikuwa kumtoa gizani tu. Nikavuta taulo.

Shangazi akavaa miwani, akavua, akavaa tena, akauliza huyo ni nani. Mama mkwe akasogea. Akatazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alionekana amechoka. Akasema: "Huyu ni mlinzi wa ghala."

Nikaanza kueleza habari za mwanga na kivuli. Hapo Chaja akasimama na simu yake akaanza kusoma. Alisoma jumbe zangu zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kuniigiza. Wenye uwezo tu. Hakuna shida. Imesafishwa kwa sabuni bora na inanukia. Mkusanyaji ni yeye! Mwizi wa imani ya watu! Anasema alikitambua kitambaa cha meza tangu Jumanne, akaona njia pekee ya kunifikisha studio ni kunitegea pikipiki. Hakujua nitaipeleka filamu kwenye beseni.

Mama mkwe akanigeukia. Akauliza, "Kwa hiyo filamu?" Maneno hayo tu. Mikono yake ilikuwa imeshika kiegemeo cha kiti. Nilitamani nirudi chooni nikae humo mpaka uzee.

Mke wangu akainuka. Akaenda kwenye cherehani yake, akafungua droo ya vifungo, akatoa bahasha.

Kumbe Jumanne ileile, nilipotoka tu studio, Mzee wa Studio alimpigia simu. Jumatano nilipolala mke wangu aliipeleka kamera kwenye kikapu, chini ya pazia jipya. Filamu ikatolewa gizani kama inavyotakiwa. Ndani wakatia nyingine, mbovu, iliyokwisha muda, ya kujaribia kama kamera inazunguka. Nilichokifua mimi siku nzima na kukitia manukato ni utepe wa takataka! Kwa hiyo sikumuua mtu. Nilivuta pumzi mpaka Shangazi akageuka.

Lakini mke wangu hakuwa anafurahi. Akasema picha anayo tangu Alhamisi ila hakuwa na moyo wa kuitoa. Akampa mama yake, kisha akasogea kando na kutazama sakafu.

Nyeusi na nyeupe, imefifia pembeni. Mke wangu na gauni lake la harusi, kijana kabisa. Mama mkwe katikati. Na pembeni yake koti la kijivu, jipya, halina kiraka. Kola. Tai. Basi. Juu ya tai picha imeishia hapo. Kichwa kimekatwa. Kwenye kona ya chini kuna kitu kikubwa kimeziba, chenye ukungu, na ukikazia macho ni kidole gumba. Ukucha una ufa.

Wote wakatazama mikono yangu. Nikaitia mifukoni, nikawa nimechelewa.

Mke wangu akasema polepole, bila hata kunigombeza, kwamba sasa amekumbuka. Mzee alitaka kumpa kamera mjomba. Bwana harusi akaacha mstari wake, akamnyang'anya, akasema hizi kamera anazijua. Ndiyo maana hata mimi mwenyewe simo kwenye picha ya harusi yangu. Na mimi nikakumbuka. Mzee aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia asimame tu.

Mama mkwe alikwenda na picha dirishani kwenye mwanga. Alikaa nayo huko. Shangazi akaanza kulia taratibu, akisema maskini, hata uso. Mimi nilikuwa nasubiri nifukuzwe, na safari hii kusingekuwa na tofauti ya maneno.

Kisha mama mkwe akasema, "Amenishika mkono."

Tukasogea. Kweli. Chini pale, katikati ya gauni lake na koti, kiganja cha mzee kimefumbata chake. Akasema: "Baba yenu hakuwahi kunishika mkono mbele za watu. Siku ile tu. Alipofariki nikawa najiuliza kama ni kweli au niliota."

Akamtoa mlinzi kwenye fremu, akamtia mumewe, akaitundika mwenyewe. Imenyooka. Akaomba aletewe koti, akalijitanda mabegani. Shangazi analia, mke wangu analia, Chaja anajifanya anatafuta chaja. Nililia na mimi. Sio vumbi.

Picha ya mlinzi akanirudishia mkononi. Akasema nimpelekee mwenyewe, ametokea vizuri.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimelala, nimeamka, nimetafakari yote yaliyotokea. Nimepata funzo kubwa.

Funzo ni kwamba mimi ni mpiga picha.

Hebu tuseme ukweli. Sebule nzima ililia mbele ya kazi yangu. Mpiga picha wa kawaida angepiga kichwa. Vichwa viko kila mahali, kila paspoti ina kichwa. Mimi nilikiacha, nikaenda kwenye mkono. Sikumbuki kama niliamua, lakini wasanii hatukumbuki. Na kile kidole kwenye kona, ukitulia nacho, ni kama sahihi.

Kosa langu lilikuwa kuuza kamera. Kamera ni bati tu. Mama mkwe amempa mke wangu, mke wangu amelifungia bati hilo kabatini na ufunguo anatembea nao kifuani. Akae nalo! Mali iko ukutani.

Tathmini yangu ya awali: gari. Dogo, lakini gari.

Nimetangaza asubuhi hii, kwa jina jipya. PICHA YA KIHISTORIA. MZEE ASIYE NA KICHWA. WENYE UWEZO TU. Mama mkwe atapata nakala, Mzee wa Studio anaweza kutoa hata mia. Mkono utakuwa uleule.

Mnunuzi kapatikana kabla sijaweka simu chini! Anajiita Mpenda Picha. Bei ameikubali yote, hakuomba hata punguzo. Ana sharti moja tu. Picha isafishwe kwanza.

Nikiri kwamba nilisita. Nilijiuliza kama si Chaja tena. Haiwezekani. Chaja yuko hapahapa kwenye kochi letu, namwona kwa macho yangu, ameinamia simu yake anacheka peke yake.

Beseni ninalo. Sabuni ninayo. Kilichobaki ni mama mkwe kuondoka kwenye kile kiti chini ya picha. Amekaa hapo tangu kulipokucha, koti mabegani. Nimeshamwambia mara kadhaa kwamba nje kuna jua zuri.

Haondoki.